Mbegu ya kunde za asili huchaguliwa shambani, siyo ghalani

Nyumba nyingi za Dodoma na Singida huvuna kunde za kutosha kula, na bado mvua za Desemba zikianza watu huzunguka kwa majirani wakiomba kikombe cha mbegu. Kunde zilikuwepo. Zilizobaki mpaka msimu huo ni zile za mwisho kuvunwa, ndogo, zilizopekechwa na fukusi, na hizo ndizo zinazoingia ardhini. Kwa njia hiyo tunachagua mbegu kila mwaka bila kujua kwamba tunachagua: zilizokomaa mapema na kujaa vizuri tunakula, zilizochelewa tunapanda. Halafu tunasema kunde za wazee zimechoka.

Sisemi mbegu za utafiti ni mbaya. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ilonga, kule Kilosa, kimetoa aina za Tumaini, Fahari, Vuli-1 na Vuli-2, na wenzetu wa Ukambani, Kenya, wanazijua K80 na M66. Mwaka ambao mvua inakatika mapema, kunde inayokomaa upesi ndiyo inayokuokoa. Lakini kunde yetu inayotambaa ina kazi zake. Inafunika udongo, inavumilia kuchumwa majani kwa wiki nyingi, na majani hayo yakikaushwa ni mboga ya kiangazi; Usukumani wanayaita nsansa. Panda zote mbili ukiweza. Tofauti ni kwamba Tumaini ikikupotea utaitafuta dukani, ila kunde ya bibi yako ikiisha kijijini hakuna duka litakalokuuzia.

Habari njema ni kwamba kunde ni rahisi kuhifadhiwa kuliko mahindi. Mahindi huchanganyika na ya jirani kwa upepo. Ua la kunde hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya adhuhuri, na wakati linafunguka huwa limekwishajichavusha lenyewe. Nyuki wakubwa huweza kuhamisha chavua kidogo, kwa hiyo machotara hayakosekani, ila ni machache. Ukitenga aina moja na nyingine kwa mita 10 hadi 20, au ukaweka mistari kadhaa ya mtama katikati, inatosha kwa mkulima wa kawaida. Angalia tu kunde mwitu zinazoota kwenye mipaka na vichakani: ni ndugu wa damu wa kunde tunayolima na huzaliana nayo. Zing'oe karibu na kitalu cha mbegu kabla hazijachanua.

Kwa sababu kunde hujichavusha yenyewe, watoto wa shina moja hufanana sana na mama yao. Hapo ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Mtu anaona shina moja limezaa kupita yote, anachukua mbegu zake tu, anapanda hizo miaka inayofuata. Atapata kunde zinazofanana, lakini ameshatupa utajiri uliomfikisha hapo. Katika mbegu ya asili tofauti zimelala kati ya shina na shina: moja linavumilia ukame, jingine halikai na wadudu mafuta, la tatu linawahi. Msimu hauji na barua kukuambia utahitaji lipi. Chagua mashina 50 au zaidi yaliyo mazuri, uchanganye mbegu zake. Na kama kunde zako zina rangi tatu nne, nyekundu, nyeupe na zenye madoa, usiwe na haraka ya kuzitenganisha ili zipendeze machoni. Soko linataka rangi moja, ni kweli. Basi tenganisha za kuuza, na za mbegu ziache na mchanganyiko wake. Ninachotenganisha mimi ni zinazotambaa na zinazosimama, kwa sababu hazitaki nafasi moja.

Tenga kipande cha mbegu tangu siku ya kupanda. Kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu 2 kila shimo, eka moja hutumia kilo 7 hivi za kunde zetu ndogo. Zinazotambaa sana zipe nafasi kubwa zaidi. Weka lengo la kuhifadhi mara mbili au tatu ya mahitaji yako, kwa kuwa katika mikoa yetu kupanda upya baada ya mvua kukatika Januari siyo ajabu. Kipande cha hatua 25 kwa 25 kikitunzwa vizuri mara nyingi kinatosha kukupa akiba ya eka moja.

Kwenye kipande hicho, majani hayachumwi. Hapa ndipo penye ubishi nyumbani, na ubishi huo una haki, maana mboga ni ya leo na mbegu ni ya mwakani. Shina linalochumwa kila siku tatu huzaa vitumba, yaani maganda ya mbegu, vichache na mbegu nyepesi. Njia inayofanya kazi ni kukubaliana mapema na anayepika: mistari ile ni ya mboga, hii ni ya mbegu, na kamba ya katani au kitambaa chekundu kifungwe pale ili hata mtoto aliyetumwa mboga ajue. Bila makubaliano hayo kitambaa hakisaidii kitu.

Pita kwenye kitalu mara tatu. Mara ya kwanza ni wiki ya tatu baada ya kuota: ng'oa miche yenye batobato, yaani majani yenye mabaka ya kijani na njano, yaliyokunjamana. Baadhi ya virusi vya batobato ya kunde hupita ndani ya mbegu, kisha wadudu mafuta huvisambaza shambani, kwa hiyo shina moja ulilolionea huruma ni chanzo cha ugonjwa mwakani. Mara ya pili ni wakati wa maua, uondoe mashina ya aina ngeni. Hapohapo angalia gugu fupi lenye maua ya njano linaloota ardhini karibu na shina la kunde na kunyonya mizizi yake. Wataalamu huliita Alectra. Mbegu zake ni laini kama vumbi, hukaa ardhini miaka mingi, na zikiingia kwenye mbegu utazipanda kwa mkono wako mwenyewe. Ling'oe kabla halijakauka, na usivune kunde kwa kung'oa shina zima na kulipura chini. Mara ya tatu ni vitumba vinapoanza kubadilika rangi: sasa funga kitambaa kwenye mashina utakayochukua. Angalia shina zima: afya yake, wingi wa vitumba, urefu wa kitumba, na kama limekomaa wakati unaoutaka.

Kuhusu tarehe ya kupanda, wazee walikuwa na hesabu nzuri. Aina nyingi za asili huchanua siku zinapofupika, na hazikusudiwi kukomaa katikati ya masika. Ukiziwahisha sana zinajaza majani na vitumba vinakutana na mvua. Mbegu inaota ukungu, nyingine inachipua ndani ya ganda. Panga ili vitumba vikaukie kwenye jua baada ya mvua kukatika.

Vuna kwa mkono, kitumba kwa kitumba, kila baada ya siku chache. Mbegu bora hutoka kwenye mchumo wa kwanza na wa pili. Usisubiri shamba zima likauke, kwa sababu fukusi wa kunde haanzii ghalani. Jike hutaga mayai juu ya vitumba vilivyokauka vikiwa bado shambani, funza anapenya hadi ndani ya mbegu, na wewe unambeba nyumbani bila kumwona. Kwenye joto letu, kutoka yai hadi mdudu kamili ni wiki 3 hadi 5. Jike mmoja hutaga mayai kufikia 100. Piga hesabu ya vizazi kuanzia Juni hadi Desemba, utaelewa kwa nini debe lililokuwa safi linageuka unga.

Kausha vitumba juu ya turubai au mkeka, siyo kwenye udongo. Pura kwa fimbo nyepesi au kwa mikono; mbegu iliyopasuka haioti vizuri. Pepeta, kisha chambua na kutupa zenye tundu, zenye doa jeupe la yai na zilizosinyaa. Kisha kausha tena siku mbili tatu. Kipimo cha ukavu ni chumvi: weka chumvi kavu kidogo kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ongeza kunde, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mbegu bado zina maji.

Kwa kumuua fukusi aliyekwisha kuingia, jua linatosha. Tandaza majani makavu, juu yake nailoni nyeusi, kisha kunde kwa unene wa mbegu mbili tatu tu, halafu funika kwa nailoni angavu na ubane kingo kwa mawe. Kuanzia saa 5 hadi saa 7 mchana wa jua kali, joto ndani hufika nyuzi 57, na saa moja ya joto hilo huua mayai, funza na wadudu. Uotaji hauharibiki ukiishia hapo. Usiache kutwa nzima. Acha zipoe kabisa kabla ya kufunga.

Kisha zinyime hewa. Kwa mbegu nyingi kuna mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, iliyobuniwa kwa ajili ya kunde huko Kameruni miaka ya 1980. Kwa kilo chache sioni sababu ya kununua mfuko: chupa ya maji au dumu lenye kizibo kizima, lililooshwa na kukaushwa, hufanya kazi ileile. Jaza hadi shingoni, tikisa zishuke, ongeza, funga kwa nguvu. Fukusi waliomo wanamaliza hewa na kufa. Usifungue kila wiki kuchungulia. Usipokuwa na chombo kizuri, tumia majivu makavu yaliyochekechwa, vipimo 3 vya majivu kwa 4 vya kunde, na tabaka la majivu juu. Weka mahali penye kivuli na ubaridi, mbali na bati. Vidonge vya gesi ya kuua wadudu visitumike ndani ya nyumba wanamolala watu; vimeshaua familia.

Kwenye chombo andika jina la kunde, kijiji ilikotoka, mwaka wa kuvuna na jinsi inavyotambaa au kupikika. Mbegu ya miaka miwili kwenye joto huanza kupoteza nguvu, kwa hiyo panda kila msimu hata mistari michache. Mgawie jirani wa kitongoji kingine sehemu ya akiba, ili shamba lako likishindwa uwe na pa kuomba. Kugawiana ni jambo moja, kuuza kama mbegu ni jingine. Kwa hilo muulize kwanza ofisa ugani au TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Wiki mbili kabla ya kupanda, hesabu mbegu 100 bila kuchagua nzuri, zifunge kwenye kitambaa kibichi na uzitunze zisikauke siku 7. Zikiota 80 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 60, weka mbegu 3 kila shimo badala ya 2. Zikiwa chini ya 50, wiki mbili ulizobakiza ni za kumfuata yule jirani uliyemgawia.