Kupaka rangi sanamu ya udongo bila gleizi: toa chumvi kwanza

Sanamu ya udongo iliyochomwa mara moja bila gleizi, yaani ule mpako unaogeuka kioo tanurini, hunywa rangi kama ukuta mpya unavyokunywa chokaa. Ina matundu madogo, na hapo ndipo rangi hushikia. Lakini matundu hayo hayo hupitisha maji, na maji ya visima vya Mombasa kisiwani mara nyingi yana chumvi. Ukiyakandia udongo, chumvi inabaki ndani. Kila unyevu ukipanda na kukauka, huisogeza kuelekea juu, ikaganda chini ya rangi na kuisukuma. Rangi inabambuka kama magamba ya samaki, lawama anapewa muuza rangi.

Kwa hiyo iloweke sanamu kwenye maji ya mvua au ya mfereji yasiyo na chumvi kwa siku tatu, ukiyabadilisha kila asubuhi. Ianike kivulini penye upepo: siku nne au tano wakati wa kaskazi, wiki mbili wakati wa masika. Kuhakikisha imekauka, bandika kipande cha nailoni ubavuni kwa selotepu, kingo zote zizibwe, uiweke juani kwa saa moja. Ukiona umande ndani ya nailoni, bado. Ikitoka unga mweupe, ufute kwa brashi kavu kisha iloweke sanamu tena. Ukiufuta kwa kitambaa kibichi, unaurudisha ndani.

Kuloweka hufichua kasoro nyingine ya pwani, yaani chembe za matumbawe kwenye udongo. Zikichomwa hugeuka chokaa, na chokaa hiyo ikipata unyevu huvimba na kurusha kipande cha uso. Kwenye shimo linalobaki utaona nukta nyeupe. Ikwangue yote kwa ncha ya kisu, jaza epoksi ya kukandwa, na ikishakauka isugue kwa msasa namba 220. Ukiiacha hata punje, itavimba tena chini ya kiraka chako.

Sasa rangi. Akriliki ndiyo ya kutegemea. Rangi ya mafuta ya milango huacha ngozi nzito inayoziba matundu, na hewa yetu yenye unyevu huichelewesha kukauka. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, changanya kifuu kimoja cha rangi kwa kifuu kimoja cha maji, uusukume kwa brashi ngumu mpaka uingie kwenye mikunjo. Subiri saa moja. Mkono wa pili usiongezwe maji, ila uwe mwembamba. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mzito, maana mzito hujaza kope na mistari ya nywele, na sura uliyoichonga wiki nzima inakuwa kama imepakwa uji.

Ili michongo ionekane, tengeneza maji ya rangi ya kahawia iliyokolea, sehemu moja ya rangi kwa nne za maji. Paka eneo la ukubwa wa kiganja, hesabu dakika mbili, ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kahawia itabaki mabondeni na kutoka kwenye pua, mashavu na vidole. Usipake sanamu nzima kwa mara moja. Kaskazi ikivuma, utakuwa unafuta kifua huku mgongo umeshakauka, na alama haitoki.

Anayependa udongo wenyewe uonekane atumie nta. Yeyusha gramu 50 za nta ya nyuki kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto. Litoe kopo na ulipeleke mbali na moto, ndipo umimine mililita 100 za tapentaini, kwani mvuke wake huwaka. Paka kwa kitambaa cha pamba, acha dakika 20, ng'arisha kwa brashi ya viatu. Kiwi ya viatu ya kahawia nayo inafaa, lakini tanguliza nta isiyo na rangi. Kiwi ikigusa udongo mtupu huzama, ikaacha madoa yasiyofutika. Nta iwe ya mwisho daima, kwa kuwa akriliki haishiki juu yake, na ni ya sanamu za ndani. Juani hulainika na kunasa vumbi.

Ya barazani, inayopigwa na upepo wa bahari, ipakwe vanishi ya akriliki ya nje isiyong'aa, mikono miwili. Inayong'aa sana huifanya ifanane na kiti cha plastiki. Kama ni ya kupuliza, fanya kazi adhuhuri siku kavu. Unyevu ukinaswa ndani, vanishi inapata ukungu wa maziwa. Tako la sanamu liache bila rangi wala vanishi, na uisimamishe juu ya vijiwe vitatu ili unyevu upate pa kutokea.

Chombo kilichopakwa hivi hakifai kwa chakula wala maji ya kunywa, na hakirudi tanurini: rangi itaungua na kutoa moshi wenye sumu.