Barua ya kazi kwanza, viza baadaye: kwa wapishi na wahudumu wa hoteli wanaotaka kwenda nje

Nimesimama mbele ya majiko ya hoteli miaka kumi na tisa, na tisa kati ya hiyo nimeifanya ugenini. Kila mara kuna kijana ananiuliza, "Dada, nchi gani inachukua wapishi siku hizi?" Nami humuuliza kwanza: barua yako ya kazi inasemaje? Wengi hawana barua yoyote. Wana picha za sahani walizopamba, wana vyeti, wana hamu.

Mara ya kwanza nilipoomba, nilikuwa nasimamia kitengo cha nyama na michuzi, watu watatu chini yangu. Barua niliyopewa ilikuwa ya mistari miwili: "Alikuwa mfanyakazi wetu wa jikoni, mwenye tabia njema." Ombi likakataliwa. Kwa afisa anayesoma makaratasi, mfanyakazi wa jikoni ni mtu wa kuosha vyombo na kumenya viazi, na hakuwepo siku niliyoendesha karamu ya watu mia nne. Niliporudi kuomba barua nyingine, hoteli ilikwishauzwa na majalada ya zamani hayapo. Nilihangaika mwaka na nusu kutafuta wakubwa wangu wa zamani, mmoja mmoja, wanitolee ushahidi.

Kwa hiyo elewa jinsi unavyosomwa. Nchi zinazotafuta watu wenye ujuzi hupima majukumu kuliko cheo, na kila kazi ina namba yake. Kanada, shefu ni 62200 na mpishi ni 63200. Wote wamo katika ngazi 0 mpaka 3 zinazokubalika kwenye Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama. Mhudumu wa meza, 65200, na msaidizi wa jikoni, 65201, wako ngazi ya 5, na mlango huo haufunguki kwao. Lakini msimamizi wa huduma ya chakula, 62020, anaingia. Kama wewe ni mhudumu na kweli ndiye unayepanga zamu, unafundisha wafanyakazi wapya na kufunga hesabu za usiku, dai cheo hicho kiandikwe kwenye mkataba wako sasa. Australia nako shefu ni 351311, mpishi 351411, na mpishi wa vyakula vya haraka ametengwa kabisa, 851111.

Barua nzuri inakuwa hivi. Iko kwenye karatasi yenye nembo. Ina siku, mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, saa zako kwa wiki, mshahara, na cheo chako kwa kila kipindi, maana aliyepanda ngazi mara tatu ana historia tatu. Inataja ukubwa wa mahali: viti vingapi, bafe au chakula cha kuagiza, wangapi uliowasimamia. Kisha majukumu: kupanga menyu, kukadiria gharama ya kila sahani, kuagiza na kupokea bidhaa, kukagua joto la majokofu, kufundisha wapishi wapya. Usinakili maneno ya tovuti ya serikali, kwani maafisa wanayajua kwa moyo. Andika kazi uliyoifanya kweli. Mwisho jina, cheo, simu na baruapepe ya aliyesaini, kwa sababu atapigiwa. Iambatanishe na hati za mshahara na taarifa za benki za miezi ileile. Mshahara wa mkononi usioacha alama yoyote umewaangusha wapishi hodari kuliko mimi.

Ukiwa na barua hiyo, ndipo uchague nchi.

Uingereza, kwa shefu anayeomba upya kutoka nje, njia ya mfanyakazi mwenye ujuzi ilifungwa tarehe 22 Julai 2025, walipopandisha kiwango hadi kazi za ngazi ya shahada. Anayekuuzia viza ya ushefu wa huko leo anakuibia. Australia bado inatumia viza ya 482, ambayo tangu Desemba 2024 inataka uzoefu wa mwaka mmoja wa kazi na mwajiri wa kukudhamini. Kanada iliondoa alama za ziada za ofa ya kazi kwenye Express Entry tarehe 25 Machi 2025, hivyo usinunue ofa ukidhani itakupandisha. Lugha ndiyo yenye alama nyingi, na matokeo ya mtihani hudumu miaka miwili tu. Ujerumani ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye subira. Huko upishi na huduma za hoteli ni ufundi unaosomewa miaka mitatu, na IHK FOSA ya Nuremberg, ofisi ya kupima vyeti vya nje, hulinganisha cheti chako na chao. Wakikutambua nusu, wanakuonyesha kilichopungua ukakisomee. Tangu Juni 2024 ipo pia Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, ya kwenda kutafuta kazi hadi mwaka mmoja huku ukiruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Inataka angalau mafunzo ya miaka miwili yanayotambuliwa ulikosomea, na Kijerumani cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, au Kiingereza cha B2, yaani cha kujieleza vizuri. Ila A1 haitoshi mapokezi. Mgeni mwenye hasira hasemi polepole.

Kuhusu pesa nitasema kwa ukali. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kama kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi. Kanada, ada ya LMIA, tathmini anayoomba mwajiri ili aajiri mgeni, ni dola 1,000 na ni ya mwajiri. Australia, gharama za udhamini ni za mwajiri, na sheria inamkataza kukubebesha mzigo huo. Utakaolipia mwenyewe ni mtihani wa lugha, tathmini ya vyeti, afya, na mara nyingi viza yako. Wakala akitaja "ada ya nafasi", ondoka. Na pasipoti haikai kwa mtu mwingine, hata kwa usiku mmoja.

Kama una zamu ya jioni leo, fika nusu saa mapema, na kabla hujavaa aproni pita ofisi ya utumishi na rasimu ya barua uliyoiandika mwenyewe. Watasahihisha wanachotaka. Rudi wiki ijayo uifuate.