Kabla hujalipa ada ya chuo cha sheria: namna ya kukagua ithibati

Ndugu zangu wa Tanga, msimu wa udahili umefika na matangazo ya kozi za sheria yamebandikwa kwenye nguzo kuanzia stendi ya Kange hadi Ngamiani. Naandika somo hili kwa sababu ya mdogo wangu. Alisoma cheti cha sheria mwaka mzima, ada tukiilipa kwa kudunduliza, na alipotaka kuendelea na stashahada akaambiwa jina lake halimo kwenye mfumo wa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Chuo kilikuwa na usajili kweli. Kozi ya sheria ndiyo haikuwa na idhini.

Hatua ya 1. Jua msimamizi. Vyuo vya kati, yaani cheti na stashahada za NTA (tuzo za taifa za ufundi) ngazi ya 4 hadi 6, viko chini ya NACTVET, ile tuliyozoea kuiita NACTE. Shahada ni ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo soma taratibu. Usajili ni ruhusa ya chuo kuwepo. Ithibati maana yake chuo kimekaguliwa walimu, majengo na uendeshaji wake, kikaonekana kinafaa. Idhini ya kozi ni jambo la tatu: ni ruhusa ya kufundisha sheria, kwa ngazi hiyo, mahali hapo. Fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka huu, si wa mwaka jana. Tafuta chuo, angalia na tawi lenyewe, kisha shuka hadi kwenye kozi. Usipoiona sheria, usilipe, hata kama ofisini kuna cheti cha usajili kwenye fremu ya dhahabu.

Hatua ya 3. Nenda mwenyewe, uingie maktaba. Tangu 1 Julai 2025 nchi inatumia Toleo la 2023 la sheria zetu. Ukikuta rafu nzima ni Toleo la 2002, uliza wanafunzi wanasomea nini. Uliza pia kama kuna kompyuta za kusomea hukumu kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, maana ni bure. Niliwahi kuvuta kitabu cha sheria ya mikataba kwenye maktaba moja, nikafungua karatasi ya kuazimia iliyogundishwa nyuma: haikuwa na muhuri hata mmoja. Karatasi ile ilinieleza mengi kuliko mkuu wa chuo.

Hatua ya 4. Lipa kwenye akaunti ya chuo tu, kamwe si kwenye simu ya mtu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Chumbageni: Mwalimu, mwanangu ana D nne za kidato cha nne, moja ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu. Atapokelewa?

Jibu: Mama yangu, zinatakiwa D nne zisizo za dini, kwa hiyo amebakiwa na tatu. Arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo kitakachomwambia "njoo tu, tutaona" kiogopeni.

Kijana wa Muheza: Shikamoo kaka. Nikimaliza stashahada nitakuwa wakili?

Jibu: Marahaba. Bado. Utahitaji shahada ya sheria, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ndipo uombe kukubaliwa na Jaji Mkuu. Ili stashahada ikupeleke kwenye shahada unahitaji GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 na AVN, namba ya kuthibitisha stashahada yako, kutoka NACTVET. Kozi isiyotambuliwa haina AVN.

Dada wa Pongwe: Mkoani kwetu tuanzie wapi?

Jibu: Anza kutazama Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1998. Nacho kipitishe kwenye hatua zilezile.

Mwanachama wa Korogwe: Mimi nimeshalipa muhula wa kwanza na kozi siioni kwenye mwongozo. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Mwandikie mkuu wa chuo barua leo, uombe nakala ya idhini ya kozi, na nakala ya barua yako uipeleke NACTVET. Muhula wa pili usilipe mpaka ujibiwe. Risiti zote zitoe kopi, uzihifadhi pamoja na barua ya kukubaliwa chuoni. Sisi tulipokwenda kudai, mdogo wangu alikuwa na risiti mbili kati ya nne, na tukarudishiwa za hizo mbili tu.