Namna ya Kuandaa Swala ya Ijumaa Wakati wa Janga

Kamati ya msikiti isingoje adhana ya Ijumaa ndipo iamue nani ataingia na nani atarudi, kwani mabishano ya mlangoni hukusanya watu kuliko swala yenyewe. Mapema wiki hiyo ikutane na imamu, isome maelekezo ya wizara ya afya, kisha itangaze idadi ya watakaoingia. Misikiti ya Kenya ilipofunguliwa tena Julai 2020, wakati wa korona, sharti lilikuwa watu wasiozidi 100, muda usiozidi saa moja, na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Sharti hilo la mwisho liliwagusa hasa wazee wa safu ya kwanza, na ni vyema mzee wa namna hiyo aelezwe na imamu mwenyewe, kwa heshima, kwamba mwenye udhuru huswali adhuhuri rakaa nne nyumbani. Akisema kuogopa maradhi ni upungufu wa imani, akumbushwe Sayyidna Umar, khalifa wa pili, aliyegeuza msafara njiani kuelekea Sham (Syria na nchi jirani zake) kwa sababu ya tauni na, alipoulizwa iwapo anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, akajibu kwamba anaikimbia kadari Yake kuiendea kadari Yake.

Mahali pa udhu panahitaji uangalifu kuliko pengine pote. Watu husukutua, hupandisha maji puani na kupenga wakiwa wamekaa bega kwa bega, na penye birika la zamani kata moja hupita mikononi mwa wote. Birika lifungwe, mifereji itumike mmoja baada ya mwingine, na waumini wahimizwe kutawadha nyumbani, jambo ambalo lina fadhila yake hata pasipo maradhi.

Ndani, mikeka na mabusati yakunjwe, kila mtu aje na msala wake na barakoa, na sakafu itiwe alama za utepe kwa umbali uliowekwa na wataalamu wa afya. Kwa kuwa masikio yamezoea kusikia "zibeni mianya", yaani msiache nafasi kati yenu safuni, imamu aeleze kabla ya takbira kwamba wanazuoni wengi wameruhusu kuachana kwa nafasi kwa ajili ya dharura, na swala ni sahihi. Chumba cha wanawake, ambacho mara nyingi ni kidogo na kamati hukisahau, kifunguliwe madirisha yote. Kama hakina, watafutiwe sehemu ya uani yenye hewa.

Khatibu afupishe hotuba. Hili si geni, maana hadithi iliyopokewa na Muslim imehesabu ufupi wa hotuba kuwa dalili ya ufahamu wa mtu katika dini. Baada ya salamu watu wasipeane mikono, na safu iliyo karibu na mlango itangulie kutoka.

Majina na namba za simu za waliohudhuria ziandikwe mlangoni na kijana mmoja, ili kalamu isipite mikononi mwa kila anayeingia, na daftari litunzwe na katibu mpaka maafisa wa afya watakapolihitaji.