Rada ikigoma: ya kufanya mezani na ya kufanya mtamboni

Rada iliyozimika kabisa ina nafuu, maana kila aliyemo kwenye chumba cha kuongozea ndege anajua haipo. Ya kuogopa ni ile iliyoganda huku picha ikiendelea kupendeza. Kwa hiyo anza na saa ya skrini. Sekunde zimesimama? Unachokitazama kimeshapita. Saa ikiwa inatembea, chagua ndege moja uhesabu: antena ya rada ya eneo la uwanja huzunguka takriban mara 12 hadi 15 kwa dakika, kwa hiyo alama inatakiwa kusogea kila sekunde 4 au 5. Angalia pia kama umbo la alama limebadilika kuwa la makadirio. Kompyuta isipopata jibu jipya huisogeza ndege kwa kukadiria, na makadirio hayajui kwamba rubani ameshakata kona.

Ukithibitisha hitilafu, fundi asubiri kidogo. Andika kwanza mahali pa mwisho, kimo na uelekeo wa kila ndege kwenye stripu, yaani kijikaratasi chenye taarifa zake. Zuia zinazotaka kuruka, mwombe mwongoza ndege wa eneo jirani asikuletee nyingine, kisha watangazie marubani kwamba rada haipo na uwatake ripoti za mahali na kimo. Zile maili 3 au 5 za baharini ulizokuwa ukizitumia kutenganisha ndege hazipo tena. Kimbilio la haraka ni wima, futi 1000, kwa kuwa kimo utakipata redioni. Anza na jozi zinazokaribiana zikiwa kwenye kimo kimoja. Hati 4444 ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inaruhusu, kwa dharura na kwa muda tu, nusu ya nafasi hiyo ya wima pale utenganisho kamili usipopatikana papo hapo. Na ile programu ya simu inayoonyesha ndege, iache mfukoni.

Unapompigia fundi, mwambie ulichokiona. Ndege moja tu ikipotea, shuku transponda yake, kifaa cha ndege kinachoijibu rada. Mwombe rubani awashe ya pili. Lebo zote zikitoweka na madoa yakabaki, rada ya msingi, inayopokea mwangwi wa ndege, ni nzima na ya upili, inayoiuliza transponda kwa MHz 1030 na kujibiwa kwa MHz 1090, ndiyo yenye shida. Skrini moja ikifa na ya jirani ikaendelea, tatizo liko mezani kwako.

Fundi aanze na umeme na laini ya data, maana ndivyo vilivyo rahisi kukagua. Kisha ahamishe mtambo kutoka chaneli A kwenda B, yaani seti ya akiba. Hitilafu ikibaki vilevile, imo kwenye vitu vinavyotumiwa na chaneli zote mbili: antena, kiungo kinachozunguka, enkoda (kipima-uelekeo wa antena), au bomba linalopitisha mawimbi ya redio hadi kwenye antena. Bomba hilo hujazwa hewa kavu yenye shinikizo. Kikausha hewa kikichoka, unyevu huingia, cheche huruka ndani, nguvu hurudi nyuma na kisambazaji hujizima ili kujilinda. Kikijizima kila mvua inaponyesha, usikae ukibonyeza kitufe cha kuwasha upya; soma geji ya shinikizo.

Enkoda ndiyo inayodanganya kwa ustadi. Nyingi hutoa mipigo 4096 kwa kila mzunguko na mmoja wa kuonyesha kaskazini. Ikipoteza mipigo 34, mwelekeo umekosewa kwa nyuzi 3 hivi, na kwa ndege iliyo maili 60 hiyo ni zaidi ya maili 3 pembeni. Namna ya kutofautisha: ndege zote zikihama kwa nyuzi zilezile, alama ya kaskazini imehama au enkoda imelegea kwenye mhimili. Kosa likiwa dogo upande wa kaskazini-mashariki na likakua kadiri antena inavyozunguka hadi kaskazini-magharibi, mipigo inadondoka njiani. Kagua kebo na viunganishi kabla ya kuagiza enkoda mpya.

Kabla ya kupanda kwenye antena, zima na funga mota pamoja na kisambazaji, ufunguo ukae na anayepanda.

Usirudishe rada kazini kwa sababu tu picha imerudi. Transponda ya majaribio iliyofungwa ardhini ionekane mahali pake halisi kwa mizunguko kadhaa mfululizo, ndipo mwongoza ndege aitambue upya kila ndege, mojamoja, kabla ya kuzirudia maili zake.