Ndege za ziwani za 1916: namna ya kupata rangi na alama sahihi za ndege ya mfano

Mimi ni mchora mabango hapa Mwanga, Kigoma, na maboti mengi ya Kibirizi nimeyaandika majina kwa mkono wangu. Jioni nachonga ndege ndogo za mbao. Vijana wanaokuja kibandani huuliza sana jambo moja: utajuaje ndege hii ilikuwa na rangi gani, na alama gani, wakati picha zake zote ni nyeusi na nyeupe? Naeleza hapa ninavyofanya, na mfano wangu ni ndege zilizowahi kupita juu ya mji wetu wenyewe.

Juni 1916 ndege za Wabelgiji ziliondoka Mtoa, upande wa Kongo, zikavuka ziwa na kuangusha mabomu kwenye bandari ya Kigoma. Zilikuwa zinaiwinda Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ambayo sisi sote tunaijua kwa jina la Liemba. Ndege zenyewe zilikuwa Short 827: watu wawili, mabawa ya juu na ya chini, maboya badala ya magurudumu, injini ya Sunbeam ya nguvu za farasi 150. Zilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya jeshi la wanamaji la huko, kisha Wabelgiji wakapewa nne. Kwa hiyo ndege ni ya Mwingereza na rubani ni Mbelgiji. Tuchore alama ya nani? Mtu wa mbali anaweza kuchora yoyote akalala usingizi. Mimi siwezi, kwa sababu hii ni historia ya bandari ninayoiona kila siku.

Anza kwa kuchagua ndege moja na tarehe moja. Ukiuliza "Short 827 ilikuwa na rangi gani" utapata majibu kumi yanayopingana, na yote yanaweza kuwa kweli. Uliza juu ya ndege iliyokuwa Mtoa katikati ya 1916, na majibu yatapungua. Alama za vita ile zilibadilika haraka. Mwishoni mwa 1914 Waingereza walichora bendera yao kwenye mabawa, lakini kwa mbali msalaba wa bendera ile ulifanana na msalaba wa Wajerumani, na askari wao wenyewe wakawa wanawafyatulia risasi. Jeshi la nchi kavu likachukua duara la Wafaransa na kupindua mpangilio wake: bluu nje, nyeupe, kisha nyekundu katikati. Wanamaji kwa muda walitumia pete nyekundu yenye weupe ndani, na ndani ya 1915 wakaliacha hilo na kufuata duara la wenzao. Miezi michache tu inatenganisha alama sahihi na alama ya uongo. Vita ya pili ni vilevile: nyota ya Wamarekani ilikuwa na kitone chekundu katikati hadi Mei 1942, kisha kikaondolewa. Ukiona ndege ya mfano ya 1944 yenye kitone kile, aliyeichora hakuuliza tarehe.

Picha zitafute kwa lugha ya waliokuwa na ndege. Hili watu hulipuuza mno. Ukiandika kwa Kiingereza unapata picha zilezile zinazozunguka. Andika "hydravion lac Tanganyika 1916", au jina la Behaeghe, mmoja wa marubani wa Kibelgiji waliokuwa hapa ziwani, na mambo mapya yanafunguka. Makumbusho ya jeshi ya Brussels na makumbusho ya Afrika ya Tervuren ni mahali pa kwanza kupekua, kisha Imperial War Museums ya London. Maelezo chini ya picha yasome yote, hata kama ni marefu, maana tarehe na mahali vimefichwa humo. Hapa Kigoma hatukosi msomaji wa Kifaransa. Wakongo na Warundi ni majirani zetu, na mzee mmoja mtaani kwangu aliyezaliwa Kalemie hunisomea kwa furaha kabisa.

Sasa picha yenyewe, na hapa naomba utulie. Filamu nyingi za wakati ule hazikuuona wekundu. Kitu chekundu kilitoka karibu cheusi. Njano nayo ilitoka yenye giza kuliko tunavyoiona kwa macho, na bluu ilitoka nyepesi, wakati mwingine karibu nyeupe. Ndiyo maana anga katika picha hizo ni tupu kama karatasi na mawingu hayaonekani. Ukilijua hilo, alama inaanza kusema. Duara la Mwingereza litaonekana na ukingo mwepesi uliofifia, weupe, halafu kitone cheusi katikati. Duara la Mbelgiji ni jeusi katikati, likifuatiwa na njano, na nyekundu nje. Katika filamu ile litatoka giza karibu lote, pete ya kati tu ikiwa nafuu kidogo. Alama mbili ambazo kwa rangi hazifanani hata chembe, na hata katika picha mbovu zinatofautishika, mradi usiisome picha ya 1916 kama picha ya simu yako.

Kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote. Chora alama zote mbili kwenye kipande cha mbao kwa rangi unazokusudia kutumia. Zipige picha kwa simu, nje, mchana. Kwenye programu ya kuhariri, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe kwa kichujio cha bluu, au shusha nyekundu na njano hadi chini kabisa. Weka matokeo kando ya picha ya zamani. Ile inayofanana ndiyo ya kufuata. Jaribio hilihili linapima rangi ya mwili na ya maboya, na halitaki hela.

Ushahidi haulingani uzito. Mimi naiweka mbele picha ya ndege ileile yenye tarehe, kisha taarifa iliyoandikwa na waliokuwepo, kisha ndege iliyohifadhiwa makumbusho. Hiyo ya mwisho iangalie kwa tahadhari, kwa kuwa nyingi zimepakwa upya mara kadhaa, na aliyepaka alitumia kopo alilokuwa nalo. Mchoro wa rangi kwenye boksi la kiwanda ni wa mwisho kabisa, hata uwe mzuri kiasi gani. Namba ya ubavuni nayo inasaidia: ndege za Uingereza za awali zilikuwa na namba tupu, bila herufi mbele, na herufi N ya wanamaji ikaja baada ya namba kufika 10000.

Kuhusu rangi ya mwili: ndege hizi zilivikwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza, na kwa wanamaji wa 1915 kwa kawaida kiliachwa na rangi yake, krimu ya manjano kidogo. Usinunue rangi za kuagiza kwa ajili ya hiyo. Chukua andakoti nyeupe ya mafuta, tia steina ya njano ile iliyofifia, kisha kahawia kwa ncha ya kijiti. Andakoti haing'ai, na hicho ndicho unachotaka. Kwa ndege za baadaye utakutana na namba za viwango. Katika FS 595, orodha ya rangi za serikali ya Wamarekani, tarakimu ya kwanza inaeleza mng'ao na ya pili kundi la rangi. 34079, kwa mfano, ni 3 isiyong'aa, 4 kijani. Namba ni nzuri, lakini usiilinganishe na kioo cha simu. Kila simu ina njano yake. Linganisha na kadi ya rangi iliyochapishwa, kivulini, saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali. Na kwa mfano mdogo ongeza tone la nyeupe kwenye kila rangi, kwa sababu rangi ya kitu kikubwa ukiiweka yote kwenye kitu kidogo huonekana nzito kupita kiasi.

Ukubwa wa alama upime, usikadirie. Short 827 ilikuwa na urefu wa mita 10.74 na upana wa mabawa mita 16.43. Kwa kipimo cha 1 kwa 72 hiyo ni sentimita 14.9 na 22.8. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni, moja kwa moja. Kama ndege ina sentimita 12 kwenye karatasi na duara lina sentimita 1, basi duara halisi lilikuwa karibu sentimita 90, na kwako ni milimita 12 na nusu. Picha iliyopigwa kwa mshazari itakudanganya, iache.

Duara lichore kwa bikari yenye kalamu ya wino badala ya brashi, ukianza na pete ya nje. Rangi ya kwanza ikauke usiku kucha kabla hujagusa ya pili, la sivyo tina itaiyeyusha. Ukimaliza, andika chini ya kibao cha kusimamishia: ndege gani, mahali gani, tarehe gani, na picha ipi uliyoifuata. Akija mtu na picha bora kuliko yako, atajua aanzie wapi kurekebisha.