Chupa ya pesto si chupa ya achari: itoe dirishani

Mwezi wa Februari nilifika jikoni kwa kikundi cha akina mama upande wa Ganda, saa sita mchana, kaskazi imekolea na mabati yanalia kwa joto. Dirishani chupa 11 za pesto, yaani rojo la majani, korosho na kitunguu saumu lililopondwa kwa mafuta, zimepangwa mstari, jua linazipiga, na juu ya kila moja mafuta yamesimama unene wa kidole. Mwenyekiti akanifungulia moja ninuse. Ilinukia vizuri sana: kitunguu saumu, rehani, korosho. Nikamwomba aifunike. Chupa zile zilikuwa na siku tisa pale pale.

“Bwana shamba,” akaniambia, “si zimezama kwenye mafuta? Hewa haiingii, zitaharibikaje?”

Maneno hayo hayo nimeyasikia Gede, nimeyasikia Kakuyuni, na juzi kijana wa Mambrui aliniletea chupa ya wiki mbili kama zawadi. Ndiyo maana leo siandiki habari za mbolea wala kumwagilia, hayo mnayajua. Naandika hili moja.

Mafuta hayahifadhi kitunguu saumu. Mafuta hufukuza hewa, na kuna kidudu ambacho kinangojea hasa hewa iondoke. Ni bakteria, kinaitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake hukaa udongoni, na kitunguu saumu kimezaliwa udongoni. Ukikiosha hata mara tatu, hazitoki zote. Penye hewa hulala tu. Ukizizamisha ndani ya mafuta, pasipo uchachu wala chumvi nyingi, katika joto la jiko la Malindi, huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha, na chupa inaweza isitoe hata povu moja. Kwa hiyo usiniambie umeinusa ukaona ni nzima.

Kinachotuponza ni achari. Tumekulia kwenye nyumba ambazo achari ya embe hukaa kabatini miezi, mafuta yakielea juu, na hakuna aliyeugua. Lakini achari inalindwa na chumvi, siki na ukali wa embe lenyewe au ndimu. Mafuta pale ni kifuniko. Pesto haina ukali huo. Ina majani, korosho na kitunguu, vitu visivyo na uchachu, na kidudu hiki hupenda visivyo na uchachu.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1985, Vancouver huko Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula mkahawani. Chanzo kilikuwa kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kutiwa mafuta, chupa ikawekwa nje ya friji. Mwaka 1989 watu wengine watatu wakaugua kwa njia hiyo hiyo katika jimbo la New York, na mwaka huo serikali ya Marekani ikawaamuru wenye viwanda watie asidi au kizuizi kingine cha vidudu katika kitunguu saumu cha kwenye mafuta. Mgonjwa huanza kuona kitu kimoja viwili. Kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, mate hayamezeki, kisha udhaifu unashuka mpaka kwenye misuli ya kupumulia. Mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, lakini yaweza kuchukua siku kadhaa, na wengine hudhaniwa wana kiharusi. Ukiona hivyo, hospitali papo hapo, na utaje chakula kilicholiwa. Dawa yake inafaa ikiwahi.

Nikishasema haya, huletewa mambo mawili. La kwanza: “Nimekamulia ndimu.” Kijiko kimoja au viwili vya ndimu ni vya kuleta ladha, havitoshi kuigeuza pesto iwe kama achari. La pili: “Nimechemsha chupa zikiwa zimefungwa, saa nzima.” Maji yanayochemka hapa pwani hufika nyuzi 100. Mbegu za kidudu hiki hustahimili nyuzi 100; zinakufa kwenye nyuzi 121, joto linalopatikana kwa mvuke wenye shinikizo tu. Ukichemsha umeua vidudu vingine vingi na kukiachia hiki nyumba nzima. Naomba jambo hili likome.

Sasa vipimo. Mapishi haya ya pesto ya kitunguu saumu asili yake ni mabua ya maua ya kitunguu hicho, yale yanayojikunja kama mkia wa kinyonga, na wakulima wa nchi za baridi huyavuna bua likishajikunja mara moja, kabla ua halijafunguka. Kwetu hayatoki, kitunguu cha aina hiyo kinataka wiki nyingi za baridi ambayo hatuna. Tunatumia majani machanga. Panda punje kwenye karai lililotobolewa, nafasi ya sentimita 3, kina cha sentimita 3, na ukate majani yakifika sentimita 20, baada ya wiki tatu hadi nne. Kata asubuhi, siku ile ile unayotengeneza. Majani ya jana yaliyolala kwenye mfuko wa plastiki sitaki kuyaona.

Gramu 100 za majani hayo, gramu 50 za majani ya rehani (naam, rehani ya kikuba, ila ile isiyopuliziwa dawa), gramu 60 za korosho, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha ndimu, mililita 120 za mafuta ya zeituni. Tumia mizani. “Konzi mbili” si kipimo, konzi ya mvuvi na konzi ya bintiye si moja. Osha majani katika maji matatu, yachovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, yatie kwenye maji baridi sana, kisha yakaushe kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kitoke kikavu. Korosho zikaange bila mafuta dakika 5, moto mdogo, zipoe kabisa. Mwenye kinu atangulize majani ya kitunguu na chumvi, kisha korosho, kisha rehani, mafuta mwisho. Neno pesto lenyewe kwa Kiitaliano maana yake ni kilichopondwa, kwa hiyo kinu hakikosei. Mwenye blenda asage kidogo kidogo, akipumzisha, maana joto la blenda hufanya rehani iwe nyeusi. Ikiwa kijani na kunata kwenye kijiko, imekuwa.

Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabiwa. Kuanzia unapomaliza kusaga mpaka chupa inaingia friji zisipite dakika 60. Si “nikishaosha vyombo”, si “nikirudi kuswali adhuhuri”. Tumia chupa za mililita 120, zilizochemshwa na kukauka. Vipimo hivi vinatoa takriban chupa tatu. Chupa kubwa hufunguliwa na kufungwa wiki nzima, ndiyo maana nazikataa. Friji iwe nyuzi 4 au chini, na utajua kwa kipimajoto cha friji, si kwa kugusa. Friji ya dukani inayofunguliwa kila soda ikiulizwa haifai. Pesto ikae siku 4, basi. Andika kwenye kibandiko siku, saa na siku ya mwisho. Stima ikipotea zaidi ya saa nne, imwage hata kama ni ya leo asubuhi.

Wenye oda za hoteli wanaotaka kutengeneza nyingi mara moja, njia yenu ni friza. Jaza trei ya barafu, kijiko kikubwa kimoja kila tundu, igande usiku kucha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha hamishia kwenye mfuko na utumie ndani ya miezi mitatu. Jibini usitie kabla. Tia gramu 40 wakati wa kuandaa. Iyeyushie ndani ya friji, si mezani, na iliyoyeyuka hairudi friza.

Kuandaa ni rahisi. Zima moto, changanya na tambi za moto pamoja na vijiko viwili vya maji zilimochemkia, au paka juu ya changu aliyetoka kwenye makaa, au chovyea muhogo wa kuchemsha. Toa kiasi cha kuliwa tu kwa kijiko kikavu. Kilichobaki sahanini hakirudi kwenye chupa.

Na wewe mwenye chupa dirishani sasa hivi: usionje. Usiwape kuku pia, sumu hii inaua kuku, shingo zao hulegea kama uzi. Usiifungue. Itie chupa na kifuniko chake kwenye mifuko miwili ya plastiki, ifunge, uizike shimoni ambapo kuku na mbuzi hawachakuri, kisha unawe mikono kwa sabuni.